Namna ya kuchanganya namba na maelezo kwenye utafiti wako, kuanzia propozali mpaka mrejesho kijijini

Propozali nyingi za wanafunzi ukifungua sura ya tatu unakuta imeandikwa "utafiti huu utatumia mbinu mchanganyiko", alafu ukishuka chini kutafuta wamechanganya wapi hupaoni. Kuna dodoso refu la maswali, kuna mahojiano na mtendaji wa kata na bwana shamba, sura ya nne ni majedwali ya SPSS (programu ya kompyuta ya takwimu) mwanzo mwisho, na yale maneno ya mtendaji yamechomekwa mistari miwili mitatu yakisema kitu kilekile ambacho jedwali limeshasema. Hapo kuna data za aina mbili lakini hakuna kilichochanganywa.

Kuchanganya ni pale namba zinapobadilisha unachoenda kuwauliza watu kwa mdomo, na maneno ya watu yanapobadilisha unavyozisoma zile namba. Jipime hivi: ukiondoa mahojiano yote kwenye ripoti yako, je hitimisho linabaki vilevile? Kama linabaki, basi umewasumbua watu bure na umepoteza nauli.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo mpaka mwisho ili tusipotezane. Chukulia unataka kujua kwanini kaya nyingi vijijini huko Bahi na Chamwino, mkoani Dodoma, zinaendelea kupanda mahindi, wakati mvua yetu huku ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima na haina mpangilio, na maafisa ugani wamehimiza mtama na uwele miaka nenda rudi. Majibu ya wakulima nitakayoyaandika humu ni ya mfano tu, nimeyatunga ili uone kazi inavyofanyika, usije ukayanukuu kama matokeo.

HATUA YA 1: Hakikisha kweli unahitaji vyote viwili

Usichanganye kwasababu wenzako wamechanganya au kwasababu unahisi paneli ya wanaokupima chuoni itapenda. Kama swali lako ni "kaya ngapi zilipanda mtama msimu uliopita" hilo ni la namba, dodoso linatosha, maliza uende zako. Kama swali ni "wazee wa Kigogo wanaelezeaje mabadiliko ya mvua tangu utoto wao" hilo ni la maelezo, kaa na wazee, sikiliza, usiwatese na maswali ya kuchagua moja hadi tano. Unachanganya pale swali lina pande mbili ambazo hazijibiki kwa njia moja: ni wangapi NA ni kwanini, au programu imefanya kazi kiasi gani NA imefanyaje kazi mpaka hapa ikakubali pale ikakataa.

Anayetaka kuona hasara ya kutegemea upande mmoja hana haja ya kwenda mbali, aende Kongwa. Mwaka 1946 walikuja wataalamu kutoka Uingereza, wakazunguka wiki chache, wakarudi na mahesabu ya mradi wa karanga wa zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika, na 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yalikuja, mibuyu ikawasumbua, udongo ulipokauka ukawa mgumu kiasi cha kuharibu majembe ya mashine, mvua haikuja kama walivyoipangia, na 1951 mradi ulifungwa serikali ya Uingereza ikiwa imepoteza kama pauni milioni 36. Na hapo wenyeji wa eneo hilo walikuwepo, watu ambao miaka yao ya njaa ina majina, ile Mtunya ya kuanzia 1917 mpaka 1920 wazee walikuwa wanaikumbuka vizuri kabisa. Maarifa kuhusu mvua na udongo wa pale yalikuwepo, ila hayakuwa kwenye jedwali, na waliokuwa nayo hawakuwa sehemu ya mahesabu.

Upande wa pili nao una hatari yake, nao usiuchukulie poa. Ukikaa na wazee sita wenye maneno mazuri ukarudi ukaandika "wakulima wa Bahi wanaamini kwamba", umewasemea maelfu ya watu kwa mdomo wa sita. Ndo maana tunazihitaji namba.

HATUA YA 2: Amua nani anaanza

Mipangilio iko mingi kwenye vitabu, ila mitatu ndo inabeba karibu kila kitu.

Wa kwanza, namba zinatangulia maelezo yanafuata. Unapita na dodoso, unachambua, unaona kitu hukielewi, mfano kaya zenye ng'ombe wengi ndo zinapanda mahindi zaidi na wewe ulitegemea kinyume, unarudi kuwauliza wenyewe. Huu kwa mwanafunzi wa mastazi mwenye muda naupendekeza kuliko yote, kwasababu kila awamu inajua inamfuata nani na ni rahisi kuutetea mbele ya paneli.

Wa pili ni kinyume chake: maelezo kwanza, namba baadae. Unautumia pale ambapo hata hujui uulize nini. Unakaa na vikundi, unasikia sababu ambazo hukuwahi kuziwaza, unazigeuza kuwa maswali ya dodoso, alafu unapima zimesambaa kiasi gani. Kwa mada ambazo dodoso zake zote zimetungwa Ulaya au Marekani huu ndo wa kutumia, maana ukichukua dodoso la huko ukalitafsiri tu unaenda kupima maisha ya watu wengine.

Wa tatu unakusanya vyote kwa wakati mmoja alafu unavikutanisha kwenye uchambuzi. Unaonekana wa haraka na wengi wanaukimbilia kwa ajili hiyo, lakini hauna nafasi ya kurudi, ukigundua swali lilikosewa ndo basi. Kama bajeti yako inaruhusu safari moja tu ya fildi huna jinsi, ila basi ukae kwenye maandalizi mara mbili zaidi.

Mfano wetu wa mahindi na mtama nitaupeleka kwa mpangilio wa kwanza.

HATUA YA 3: Andika swali la kuunganisha, kabla ya kwenda fildi

Hapa ndo watu wanaporuka. Una swali la namba, una swali la maelezo, sawa, la tatu liko wapi? Andika kabisa kwenye propozali:

Swali la namba: ni sifa gani za kaya zinaendana na kupanda mahindi badala ya mtama au uwele?

Swali la maelezo: wakulima wanaelezeaje uamuzi wao wa nini kipandwe shamba gani?

Swali la kuunganisha: maelezo ya wakulima yanafafanua kwa kiasi gani tofauti zilizoonekana kwenye dodoso, na yanaonesha nini ambacho dodoso halikukiona?

Ukishaandika hilo la tatu, kila kitu kinachofuata kinakaa sawa chenyewe, unajua lazima uweze kurudi kwa mtu yuleyule, unajua dodoso lako liwe na namba ya kaya, unajua sura ya nne haiwezi kugawanyika vipande viwili visivyosalimiana.

HATUA YA 4: Vibali

Napita haraka. Chuo kinakupa barua, inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, alafu mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke hata mmoja, hata kama mtendaji wa kijiji ni shemeji yako. Utafiti wa afya unapitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa upande wa maadili, na COSTECH (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) ndo wenye vibali vya utafiti kwa ujumla, kwahiyo muulize supavaiza wako mapema wewe unaangukia wapi. Cha muhimu kwa mbinu mchanganyiko: eleza kwenye maombi kwamba utarudi awamu ya pili na kwamba mwongozo wa mahojiano utarekebishwa kutokana na matokeo ya awamu ya kwanza. Usiposema mwanzoni itabidi uombe upya katikati ya kazi.

Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina, namba za simu, sauti ulizorekodi, vyote hivyo ni taarifa binafsi. Karatasi yenye majina ikae mbali na data, simu yenye rekodi iwe na nywila.

HATUA YA 5: Sampuli, na hapa kuna mbili

Kwa upande wa namba anza na idadi halisi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 mkoa wa Dodoma, na NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wametoa idadi mpaka ngazi ya kata, kwahiyo huna sababu ya kukisia. Orodha ya kaya utaipata kwa mtendaji wa kijiji, ila kaa na wenyeviti wa vitongoji muipitie, kuna waliohama na kuna vijana waliojenga juzi hawamo.

Tuseme kaya ziko 1,240. Fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, ambayo karibu kila mtu anaitumia huku, inasema gawanya 1,240 kwa moja jumlisha 1,240 mara mraba wa kosa unalolikubali. Ukikubali kosa la asilimia 5 inakuwa 1,240 gawanya kwa 4.1, unapata kaya 303. Ukikubali asilimia 10 unagawanya kwa 13.4 unapata 93. Tofauti ya 303 na 93 ni tofauti ya wiki nzima za kazi, kwahiyo amua kwa akili na useme kwanini. Alafu fomula hiyo inadhani umechagua kwa bahati nasibu kwenye orodha nzima, kama umechagua vitongoji kwanza ndo ukachagua kaya ndani yake, ongeza idadi kidogo maana watu wa kitongoji kimoja wanafanana.

Ile fomula haihusiki kabisa na idadi ya mahojiano. Nimeona mtu anagawanya "asilimia 10 ya sampuli" kupata watu wa kuhoji, hapana jamani. Kwenye maelezo unaendelea mpaka mambo mapya yanaisha. Kuna uchambuzi uliochapishwa 2006 uliotumia mahojiano 60 ya wanawake wa nchi mbili za Afrika Magharibi, ukaona mada kubwa nyingi zilishajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo. Hiyo ni kwa watu wanaofanana, wewe kama una wafugaji, wakulima watupu na wanawake wanaoongoza kaya, kila kundi lihesabie lenyewe.

Nani wa kuhojiwa? Hapa ndo utamu wa kuanza na namba. Unachagua kutoka kwenye dodoso lako lenyewe: wachache ambao ni wa kawaida kabisa, wachache walioko kwenye ncha (namba zao ziko juu sana au chini sana), na wachache ambao uchambuzi wako umeshindwa kuwaelezea. Hawa wa mwisho ni dhahabu. Kila kitu kwenye jedwali kinasema kaya hii ingepanda mahindi, ina ng'ombe, iko karibu na barabara, baba amesoma, lakini shamba zima limejaa uwele. Nenda kakae na hao watu nusu siku.

Na ili uweze kurudi kwao, kwenye fomu ya ridhaa weka swali hili wazi: "Je, uko tayari nirudi kuongea na wewe tena baada ya mwezi mmoja au miwili?" Akikubali andika namba ya kaya kwenye dodoso, na jina na kitongoji kwenye daftari tofauti. Bila hiyo namba huna kitu cha kuunganishia, una marundo mawili tu.

HATUA YA 6: Tengeneza dodoso na mwongozo vikiwa mezani pamoja

Usimalize dodoso ndo uanze mwongozo wa mahojiano. Viweke pamoja, chora mistari, swali hili la dodoso litaongea na swali lipi la mahojiano. Swali la dodoso lisilo na mwenzake jiulize lipo kwa ajili gani.

Tuangalie swali moja kwa karibu. Mtu ameandika: "Je, unakubaliana na matumizi ya mazao himilivu ya ukame? 1 sikubaliani kabisa mpaka 5 nakubaliana kabisa." Mkulima akiulizwa hivyo na mgeni mwenye barua ya mkuu wa wilaya atajibu 4 au 5, anakuheshimu wewe na anaiheshimu barua. Umepata jedwali zuri lisilo na kitu. Ligeuze: "Msimu uliopita, kwenye shamba lako kubwa kuliko yote, ulipanda nini?" Alafu "ekari ngapi?" Alafu "ulivuna debe ngapi?" Alafu "kuna zao ulitaka kupanda ukaacha? Lipi?" Hapo unapima alichofanya. Na lile "ukaacha" linakuwa mlango wa mahojiano: utakaporudi unamwambia mama, kwenye dodoso ulisema ulitaka kupanda mtama ukaacha, hebu nieleze ilikuwaje.

Vipimo navyo viwekee akili. Huku mtu akikwambia heka anamaanisha ekari, na ekari moja ni karibu hekta 0.4, mwandishi wa data akijaza kama hekta umeshakuza shamba mara mbili na nusu. Debe la kijiji hiki na la kijiji kile yanajazwa tofauti, na gunia likiwa la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, ndo kabisa. Beba mzani, pima debe moja la mahindi na moja la mtama kila kijiji, andika.

Mwongozo wa mahojiano uwe mfupi, maswali sita saba mapana yanatosha, yanayoanza na "nieleze", "ilikuwaje", "siku ile". Usiulize "kwanini hupandi mtama", linasikika kama mashtaka. Uliza "nieleze mwaka wako wa shamba, tangu unaandaa mpaka unaweka ndani".

Lugha. Kiswahili kitakutosha kwa wengi, ila wazee wengi, hasa kina mama, watakueleza vizuri zaidi kwa Kigogo, Kondoa huko Kirangi, Chemba utakutana na Wasandawe. Tafuta mkalimani asiye mtoto wa mwenyekiti wala asiye bwana shamba mwenyewe, mkae kwanza mkubaliane tafsiri ya maneno magumu kwenye dodoso kabla hajaanza kutafsiri kichwani papo kwa hapo, kila nyumba na lake. Alafu jaribisha kila kitu kwenye kijiji ambacho hakipo kwenye utafiti.

HATUA YA 7: Fildi

Dodoso weka kwenye simu kwa programu za KoboToolbox au ODK, zinafanya kazi bila mtandao na unatuma ukifika mjini. Zinakukatalia pia mtu akiandika ekari 400 badala ya 4 kama umeweka kikomo.

Kalenda ndo kitu kikubwa huku. Kuanzia mvua za kwanza watu wako shambani toka alfajiri, ukienda saa nne asubuhi utamkuta mtoto na bibi, utajaza dodoso la bibi kama mkuu wa kaya. Nenda alasiri. Siku ya mnada usiende kabisa, hakuna mtu nyumbani, ila waweza kwenda mnadani kuangalia bei ya debe la mtama na la mahindi siku hiyohiyo, hiyo ni data tena nzuri sana. Kwa kazi yenyewe muda mzuri ni baada ya mavuno, kuanzia Juni na Julai, watu wanakumbuka walichovuna na barabara zimekauka.

Vikundi vya majadiliano watu sita mpaka kumi na wawili, wanawake peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao. Ukichanganya, shikamoo zikishaisha wazee wataongea na wengine watatikisa vichwa. Mmoja aongoze, mwingine aandike na aangalie nani amenyamaza. Omba ruhusa kurekodi, kila mara, na akikataa andika kwa mkono.

Kila jioni kabla hujalala andika ukurasa mmoja: nini kimenishangaza leo, na kinagusa swali gani la dodoso. Huo ukurasa utakuja kukuokoa kwenye sura ya tano, niamini.

HATUA YA 8: Uchambuzi, na jedwali la kukutanisha

Namba unazijua: safisha, majedwali ya mgawanyo, linganisha makundi kwa kai-skwea (kipimo cha kuona kama tofauti si ya bahati tu), ukiweza piga regresheni ya lojistiki (inayopima sifa nyingi kwa pamoja dhidi ya jibu la ndiyo au hapana). Kama huna leseni ya SPSS tumia Jamovi, ni ya bure na inafanya yote hayo. Maelezo yanahitaji subira zaidi. Saa moja ya rekodi inakula saa nne mpaka sita za kuiandika, na ikiwa ya Kigogo ongeza. Soma yote kwanza bila kuandika kitu, rudia ukiweka alama kwenye kila wazo, kusanya alama zinazofanana ziwe mada, zipitie tena, zipe majina. Mtu mwingine aweke alama mahojiano mawili matatu bila kuona zako alafu mlinganishe.

Naomba usigeuze maelezo kuwa asilimia. Kikundi cha watu nane wakikubali sita, usiandike "asilimia 75 ya washiriki". Andika walichosema, nani alipinga na kwa hoja gani.

Sasa jedwali lenyewe, na hapa ndo kuchanganya kunapoonekana kwa macho. Chora safu nne. Safu ya kwanza mada, ya pili namba zinasemaje, ya tatu watu wanasemaje, ya nne ukiviweka pamoja unapata nini. Mstari mmoja wa mfano wetu ungekuwa hivi. Mada: nguvukazi. Namba: kaya zenye watoto wengi walioko shule zinapanda mtama kidogo zaidi. Watu: mama mmoja anasema "Mtama unataka mtu wa kushinda shambani mwezi mzima anafukuza ndege, zamani watoto walikuwepo, siku hizi wako shule, mimi nikienda kulinda nani atateka maji?" Pamoja: uamuzi unaoonekana kama wa mvua, kumbe ni wa nani atalinda shamba dhidi ya kweleakwelea, hao ndege wanaokula nafaka.

Ona kilichotokea. Dodoso lilikuwa na swali la idadi ya watoto walioko shule, liliwekwa kama taarifa za kawaida tu za kaya. Halikuwa na swali la ndege. Namba peke yake ungeandika kwamba elimu ya watoto inaendana na kuacha mtama, ukabaki hujui hata useme nini. Maelezo peke yake ungekuwa na mama mmoja analalamika ndege. Vikikutana umepata sababu, na umepata pia ushauri tofauti kabisa kwa halmashauri: badala ya semina nyingine ya umuhimu wa mtama, waongee kuhusu kudhibiti ndege na mbegu za kukomaa kwa pamoja ili ulinzi uwe wa siku chache.

Ile safu ya nne usiandike "yanaafikiana" ukaondoka. Sema yanaafikiana kwenye nini, moja linaongeza nini juu ya jingine, au yanapingana wapi.

HATUA YA 9: Yakipingana

Wengi wakifika hapa wanaficha upande mmoja. Usifiche, mara nyingi hapo ndo kuna ugunduzi wako. Tuseme dodoso linasema kaya nyingi "zimepata mafunzo ya ugani", kwenye mahojiano kila mtu anakwambia bwana shamba hawamjui sura. Fuata mlolongo huu. Kwanza kagua ubora, je kuna mdadisi mmoja ambaye madodoso yake yote yana "ndiyo"? Pili, je vinapima kitu kilekile? Huenda "mafunzo" kwenye dodoso alihesabu ile siku moja alipita viwanja vya Nanenane Nzuguni, na kwenye mahojiano anamaanisha mtu wa kuja shambani kwake. Tatu, nani alijibu? Dodoso limejibiwa na baba aliyeitwa kwenye semina, mahojiano umefanya na mama ambaye ndo analima. Nne, ni lini? Kabla au baada ya mavuno? Ukimaliza hapo na bado zinapingana, andika hivyo, toa maelezo yako na uyaite maelezo yako, na useme nini kingehitajika kuamua.

Kuna wakati vyote viwili ni kweli. Chukua Kondoa, mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO ulianza 1973 kuokoa ardhi iliyoliwa na makorongo, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Ukipima uoto pale unaona miti na nyasi zimerudi. Ukikaa na familia ya mfugaji utaulizia pia hao ng'ombe walikwenda wapi na nyumba ile iliishije baada ya hapo. Hakuna upande unaofuta mwenzake, na ripoti iliyobeba mmoja inampa mpangaji wa mradi mwingine nusu ya alichohitaji kujua.

HATUA YA 10: Kuandika na kurudisha

Andika kwa malengo, sio kwa aina ya data. Chini ya kila lengo weka jedwali, hapohapo maneno ya watu, hapohapo aya yako inayoviunganisha. Kama chuo chako kinalazimisha sehemu ya namba na ya maelezo zitengane, zitenganishe ila ongeza sehemu ya tatu na uweke lile jedwali la safu nne. Nukuu ziwe fupi, na umtambulishe msemaji kiasi cha kutosha kuelewa ila asijulikane. Kwenye kijiji kimoja "mwenyekiti mwanamke mwenye miaka 52" ni mtu mmoja tu, kila mtu anamjua. Andika "mkulima, mwanamke, kijiji B".

Kabla hujakabidhi nakala ya mwisho rudi kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, muombe mtendaji akupe dakika ishirini. Usipeleke slaidi, chora namba tatu nne kwenye karatasi kubwa, zisome kwa sauti, alafu soma maelezo uliyoyatoa wewe kuhusu hizo namba, uwaulize tumekosea wapi. Watakurekebisha, na watakurekebisha wakiwa wengi, mtu anasimama huku nyuma anasema hilo la ndege ni la upande wa mbugani, sisi huku juu shida ni soko, mtama hauna mnunuzi. Andika yote, nani wa kitongoji gani, kisha fungua tena data yako ugawe kwa vitongoji uone kama namba zinamuunga mkono.